Friji 76: kosa kiwandani hulipwa na nani?

Wanaosimulia habari za Zhang Ruimin, aliyeijenga Haier, kampuni ya China ya friji na vyombo vingine vya nyumbani, karibu wote huanza na nyundo iliyovunja friji. Tuanzie ghalani, maana nyundo ilikuja baada ya hesabu.

Zhang aliingia Kiwanda cha Friji cha Qingdao, ndicho kilichokuja kuwa Haier, Desemba 1984, mkurugenzi wa nne ndani ya mwaka mmoja. Alikuta wafanyakazi kama 600, deni la yuan milioni 1.47, na mshahara haupo. Pesa za kulipa watu alikwenda kuzikopa vijiji vya jirani. Kanuni alizobandika ukutani zilikuwa 13 tu: usiibe mali ya kiwanda, usinywe pombe saa za kazi, usichelewe, na ile inayochekesha wengi, usikojoe wala kunya ndani ya karakana. Asiyejua viwanda atazidharau. Kumbe ubora wake ni kwamba kila moja yaweza kutekelezwa leo leo, na anayeivunja huonekana. Zilipobandikwa tu, mtu mmoja akaingia asubuhi, akabeba boksi la malighafi bila wasiwasi. Kufika saa sita mchana tangazo la kumfukuza lilikuwa ukutani.

Sasa ghala. Mwaka 1985 mteja alilalamika kuhusu friji yake, Zhang akaamuru zilizopo zikaguliwe. Zikapatikana 76 zenye kasoro; nyingi zilikuwa na mikwaruzo tu na baridi zilitoa. Wengi walipendekeza wauziwe wafanyakazi kwa bei ya chini. Hawakuwa wajinga. Chini ya uchumi wa mpango, yaani ule uliopangwa na serikali, bidhaa zilipangwa daraja la kwanza, la pili, la tatu, na hata zilizo nje ya daraja zilipata mnunuzi, kwa kuwa friji zilikuwa adimu. Meneja wa zama hizo alipimwa kwa idadi iliyotoka mlangoni. Kasoro haikumgharimu mtu yeyote kiwandani, aliibeba mnunuzi.

Piga hesabu: friji moja iliuzwa karibu yuan 800, na mfanyakazi alipata kama 40 kwa mwezi. Yaani friji moja ni mshahara wa miezi 20, na zote 76 ni zaidi ya yuan 60,000, katika kiwanda chenye madeni. Zhang akaagiza kila friji ivunjwe na yule yule aliyeiunda. Wapo waliolia. Nyundo yenyewe leo imo Makumbusho ya Taifa ya China. Kinachosahaulika ni kwamba yeye na mhandisi wake mkuu walijikata mshahara wa mwezi huo mzima. Bila hilo, ile shughuli ingebaki kuwa mkubwa kuwatia hasara wadogo, na mwezi wa pili kasoro zingefichwa badala ya kupungua.

Matunda yalionekana soko lilipogeuka. Mwaka 1988 friji za Qingdao zilipata medali ya dhahabu ya ubora ya taifa. Mwaka 1989 mauzo yalidorora nchini, washindani wakashusha bei. Zhang akapandisha ya kwake, na wanunuzi hawakumkimbia. Kucheza hivyo na bei huwezi kama ghala lako lina daraja la tatu.

Njia yenyewe waliiita OEC (Overall Every Control and Clear). Kazi huvunjwavunjwa vipande vidogo, kila kipande kina mtu mmoja, na hesabu yake hufungwa siku ile ile. Hata vioo vya madirisha viliandikwa nani anasafisha na nani anakagua. Hapo ndipo waigaji wengi hukwama: wanaandika jina la fundi, wanasahau la mkaguzi.

Haier ilipokichukua kiwanda cha mashine za kufulia cha Hongxing mwaka 1995, waliotangulia kupelekwa walikuwa watu wa idara ya utamaduni wa kampuni, si wahasibu. Muda si mrefu mkaguzi wa ubora akatozwa faini ya yuan 50 kwa uzembe. Mjadala ukahama: kama mkaguzi kakosea, aliyemsimamia yuko wapi? Kiongozi wa hapo akajitoza 300.

Mfumo huu una ukali wake, na haukusafiri salama. Karakanani Qingdao palichorwa nyayo mbili sakafuni. Aliyeharibu alisimama juu yake mwisho wa zamu, aeleze kosa mbele ya wenzake. Haier ilipofungua kiwanda Camden, South Carolina, Wamarekani walikataa katakata kudhalilishwa namna hiyo. Nyayo hazikufutwa. Akaitwa kusimama juu yake aliyefanya vizuri kuliko wote, awaeleze wenzake amefanyaje, na baadaye mtindo huo ukarudishwa Qingdao.