Upepo umeisha tena

Jamani, nimeanza kuchora vioo kwa kupuliza mchanga: unapopiga, kioo kinakwaruzika na kuwa na ukungu. Bajeti ya kuungaunga: kompresa (mashine ya kushindilia upepo) ya mtumba, tanki la lita 24, bunduki ndogo ya kupulizia, na stika ya kuziba pasipochorwa naikata mwenyewe kwa kisu. Kabati la kupulizia ni boksi la plastiki, kioo juu, matundu mawili ya glavu.

Sasa kasheshe: napuliza sekunde chache tu, upepo umeisha, nakaa kusubiri tanki lijae. Kuchora ua moja tu, asubuhi nzima! Ningejua, ningebana kwingine kote nichukue kompresa kubwa.

Mchanga wa ujenzi niliukataa, vumbi lake la silika linaua mapafu. Badala yake natumia oksidi ya alumini, chembe ngumu za kusugulia, naichekecha na kuirudia, barakoa usoni.

Mke wangu kaishika glasi ya kwanza, kauliza, “Hii hujaiosha?”