Sawa nunua treni yako, ila inarudi na nini?

Juzi nilikuwa nabishana na jamaa yangu, yeye anasema kampuni kubwa ikishakuwa na hela si inunue tu treni yake ibebe mzigo wake, mambo ya kusubiri ratiba za shirika la reli yaishe. Nikamwambia sawa, lakini hiyo treni ikishashusha, inarudi na nini?

Angalia IKEA, wale wauza fanicha wa Sweden. Mwaka 2002 walianzisha treni yao kabisa, na kampuni yao ya reli, kutoka Älmhult kule Sweden mpaka Duisburg Ujerumani, 2004 ikawa imeshafungwa. Na hao watu wana mzigo wa kutisha! Mimi ninavyoona, fanicha ni mzigo wa kutawanyika, leo duka hili limeishiwa kesho lile, wakati mwenye reli anachanganya mizigo ya wateja kumi na kurudi anaokota ya wengine, wewe mwenye treni yako behewa likikosa vitu vyako linatembea tupu na gharama ni yako.

Mawe ni habari nyingine. Foster Yeoman, kampuni ya kokoto ya Somerset, Uingereza, walichoka na vichwa vya treni vya British Rail, shirika la reli la serikali, vilivyokuwa vinaharibika ovyo, wakaagiza vinne vya kwao kutoka General Motors ya Marekani, vikafika 1986. Utamu wa stori ni kwamba madereva walibaki wale wale wa British Rail, yaani kichwa cha kampuni, reli ya serikali, dereva wa serikali, na kazi ikaenda vizuri tu. Kwa nini? Mzigo mmoja, machimbo yale yale, kila siku. Kurudi tupu kulishapigiwa hesabu tangu mwanzo, cha muhimu ni treni isilale, igeuze haraka ikapakie tena.



Ukitaka kuona treni tupu yenye kazi nenda Mauritania. Kampuni ya madini ya SNIM inashusha madini ya chuma kutoka Zouérat mpaka bandari ya Nouadhibou, kilomita kama 700 za jangwa, treni yenyewe inaweza kufika kilomita 2 na nusu. Ikirudi tupu watu wanapanda ndani ya yale mabehewa na mbuzi wao na magunia yao, bure, vumbi mpaka masikioni, maana hapo katikati usafiri ni wa shida.

Lakini kiboko yao ni LKAB, kampuni ya madini ya chuma ya Sweden. Madini yanatoka Kiruna yanateremka mlima kwenda bandari ya Narvik, Norway, na vichwa ni vya umeme, kwa hiyo treni iliyojaa ikishuka inafunga breki kwa kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye waya, treni tupu zinazopanda zinautumia. Mzigo unalipa nauli ya kurudi!

Nikamtumia jamaa hii ya LKAB usiku huo huo. Asubuhi kanijibu: "kwa hiyo ninunue na mlima?"