Zaburi ya usingizi na mishale

Jumapili jioni. Kuna vyombo kwenye sinki na sijainuka kuviosha.

Wiki hii nasoma Zaburi ya 127, kidogo kidogo kila usiku. Ni fupi, aya tano tu, na tangu utotoni nimeisikia kwenye harusi na ibada za kuweka nyumba wakfu. Wahubiri wengi husimama kwenye aya ya kwanza, ile ya Bwana kuijenga nyumba, wakaishia hapo. Mimi safari hii nimenasa kwenye ya pili: kuamka mapema na kukawia kulala ni kazi bure, maana Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Kisha, ghafla, aya ya tatu inaingia kwenye watoto. Zamani niliona kama zaburi mbili zilizoshonwa pamoja. Sasa naona ni neno lile lile. Anayeamini kwamba nyumba inasimama kwa mikono yake peke yake hapati usingizi, na wala hawezi kumwachia mtoto jambo lolote alifanye mwenyewe.

Watoto pale wanaitwa mishale mkononi mwa shujaa. Mshale kazi yake ni kuondoka. Unaunyoosha, unaulenga, halafu unaachia vidole. Hapo kwenye kuachia ndipo ninapotoka jasho.

Kwetu, nikitoka ibadani Jumapili, sifanyi tena kazi za nyumbani hadi kesho yake. (Ule ubishi wa Sabato kuwa Jumamosi au Jumapili nawaachia wenye nguvu nao.) Mzigo unabebwa siku moja kabla, kama mana, kile chakula cha Waisraeli jangwani, ilivyookotwa maradufu siku ya sita. Wa miaka 12 anafua nguo zake. Wa miaka 7 anapanga mkoba wake wa shule na kusafisha viatu. Basi jana shati limeanikwa kola ikiwa bado ina povu. Nililiona, nikapita. Mtoto hafi kwa kuvaa shati lenye mistari ya sabuni, ila shingo itamuwasha, na nadhani kuwashwa huko kutamfundisha kusuuza kuliko sauti yangu.

Amri ya nne, ile ya Sabato, ukiisoma kwenye Kutoka 20, inawataja wote wanaopaswa kupumzika: wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa, mjakazi, mnyama, hata mgeni. Mke hayumo. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu. Wafafanuzi husema yumo ndani ya "wewe", na mimi nimeamua kuwaamini kwa moyo wote. Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu yake: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa ndiye asiye na siku yake. Sasa mama asiyeketi kamwe anawafundisha nini watoto wake kuhusu Mungu aliyewatoa utumwani?

Najua wapo wanaouita huu uvivu, tena wengine ni wa kundi langu la maombi. Huwa nawakumbusha nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, amechoka hadi anaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimgusa, akamwambia ale, akamwacha alale tena, akarudi na chakula mara ya pili. Maswali yalimngoja mlimani Horebu.

Halafu kuna Mariamu na Yusufu, ambao walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto wao wa miaka 12 yuko na jamaa safarini. Wengi husoma Luka 2 wakawaona wazembe. Mimi naona wazazi waliozoea kumwamini mtoto na kuwaamini ndugu, na bado walipomkosa walimtafuta kwa huzuni. Imani haikuwaondolea wasiwasi. Afadhali, maana wangu nao haujaondoka.

Kuanzia mwezi ujao mkubwa ataamka mwenyewe. Nimempa saa yenye kengele, nimemwambia sitabisha mlango wake, na akichelewa atajieleza kwa mwalimu kwa kinywa chake. Amekubali haraka mno, jambo linalonitia shaka. Baba yao anasema nitakayeshindwa ni mimi, tena asubuhi ya kwanza tu. Huenda. Nimemwomba anishike mkono nikielekea kwenye ule mlango.