Nilivyolimudu Neno "Set" Katika Kazi ya Mashua Lamu

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa mashua, kutoka gati la Lamu hadi Shela, Manda na magofu ya Takwa. Kiingereza nilichosoma shuleni kilinitosha kwa mambo mengi, isipokuwa neno moja la herufi tatu, "set". Mgeni aliweza kulitumia kwa habari ya tanga, ya chakula, ya jua na ya bei katika safari moja, na kila mara likawa na maana nyingine. Kamusi iliniorodheshea maneno chungu nzima ya Kiswahili yaliyotenganishwa kwa mikato, pasipo kunieleza lipi ni la tanga na lipi ni la meza.

Wingi huo si wa kufikirika. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, lilitumia takriban maneno 60,000 kulieleza kama kitenzi, likitaja maana zaidi ya 430. Baadaye watunzi wa kamusi hiyo walieleza kuwa "run" imelipita, kwa maana 645 za kitenzi peke yake. Taarifa hiyo ilinituliza, kwani sidhani kama yuko Mwingereza azijuaye zote.

Kilichonisaidia hasa ni kuijua asili yake. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilikuwa "settan", nacho kilikuwa kauli ya kutendesha ya kitenzi cha kukaa, kama sisi tusemavyo keti na ketisha. Tangu hapo, nikilisikia, hujiuliza ni kitu gani kinachoketishwa na kinakaa vipi. Saruji ikishika, mfupa ukiungwa, bei ikipangwa isibadilike, vyote vimekaa mahali pake. Hata jua linapotua laweza kuelezwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kuelewa ni jambo moja na kujibu upesi ni jambo jingine. Niliacha kutafuta neno moja la Kiswahili na kuanza kuandika daftarini kila neno linaloandamana na "set", kwa sababu lugha yetu nayo ina kitenzi mahususi kwa kila shughuli: meza huandikwa, mtego hutegwa, mtihani hutungwa, nyumba hutiwa moto. Anayeng'ang'ania neno moja ataishia kuutunga mtego na kuitega meza. (Wageni wanaojifunza Kiswahili hupata taabu hiyo hiyo kwa "piga", maana simu, pasi, kura na mbizi zote hupigwa.)

Habari ya tanga ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Mgeni akisema "set sail" anazungumzia kuondoka tu, na angesema hivyo hata kama tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti unaolishikilia tanga, na chombo kinakwenda kwa mashine. Akisema "set the sail", basi anakusudia tanga lenyewe, yaani tulitweke na kuliweka sawa na upepo. Nahodha wangu hana haja na Kiingereza. Akiona wageni wanaelekeza vidole juu ya mlingoti huniuliza, "Wasema nini hawa?" Nami humjibu, "Waulizia saa ya kuondoka, mjomba, si tanga," naye huendelea kukunja demani, kamba ya tanga, bila haraka.

Maneno madogo yanayofuata hayakunisumbua sana, kwani "set off" ni kushika njia, "set up" ni kusimamisha au kuanzisha, na "set in" husemwa kwa mvua au kusi iliyoanza na isiyo na dalili ya kukoma. Lililohitaji sikio makini ni wakati, kwa kuwa neno hili halibadiliki likielezea jambo lililopita. "We set off at six" yaweza kuwa habari ya jana au mpango wa kesho, na ni maneno mengine ya sentensi tu yanayoamua. Mgeni akinitumia ujumbe wa namna hiyo, humwandikia tarehe na saa, nikimwomba athibitishe.

Ama "set" ya glasi au ya vyombo, ambayo sisi tumekwisha kuiita seti, nimeiandika kwenye ukurasa wa peke yake, kwa kuwa nasaba yake ni nyingine: ilipitia Kifaransa cha kale ikitoka katika Kilatini "secta", na hakuna anayeketishwa humo.