Madhumuni: Kutembea

Kitabu cha wageni cha ofisi ile ya kijiji kina safu sita: namba, tarehe, jina, anakotoka, madhumuni, saini. Baba Rehema alizijaza vizuri mpaka alipofika ya tano. Akasita, akanitupia jicho, kisha akaandika kwa herufi zake kubwa za kifundi: Kutembea.

Mtendaji akakigeuza kitabu, akasoma, akakirudisha upande wetu.

"Mzee, kutembea kwa nani?"

"Kutembea tu."

"Mna msiba?"

"Hatuna."

"Mnanunua ufuta?"

"Mwezi wa nane huu, kijana wangu. Ufuta ulishapigwa mnada ukaisha."

"Basi mna mgonjwa."

Jua lilikuwa linazama. Tulikuwa njia ya Nachingwea kwenda Liwale, vumbi limetuganda mpaka kwenye kope, na tulichokuwa tunaomba ni mahali pa kuegesha kirikuu, kigari chetu cha mizigo, usiku mmoja tu. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Kazi yake ni kujua nani kalala kijijini kwake na kwa nini, na sisi hiyo "kwa nini" hatukuwa nayo. Mwishowe akachukua kalamu mwenyewe, akapiga mstari juu ya neno la mume wangu, akaandika pembeni: Wastaafu. Roho ikamtulia. Akatuonyesha pa kulala, chini ya mwembe mbele ya ofisi, na choo kilipo.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana wengine mmeingia humu leo kwa mara ya kwanza. Nimefundisha shule za msingi hapa Lindi miaka 36. Jiografia nimeifundisha mpaka nikawa naichora Australia ubaoni kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika fimbo ya kuonyeshea: kondoo hapa, ngano hapa, jangwa hapa katikati. Liwale, ambayo ni wilaya ya mkoa wangu mwenyewe, nilikuwa sijaitia mguu. Kila safari niliyowahi kusafiri ilikuwa na kinachonipeleka: harusi, msiba, kusimamia mtihani, kumpeleka mgonjwa. Ndanda naijua kwa wodi zake. Ukiniuliza mji ukoje, sikuambii kitu.

Balaa lote lililetwa na Rehema. Alituma video kwenye kundi la familia, wazee wawili wa Australia, bibi na bwana, wanavuta nyumba ya magurudumu nyuma ya gari. Kumbe kule ni jambo la kawaida. Mtu akistaafu, baridi yao ikianza mwezi wa sita, anafunga nyumba na kuelekea kaskazini kwenye joto, analala mji huu, kesho ule. Walipita Coober Pedy, mji wa wachimba madini ya opali, ambako watu wamechimba nyumba zao chini ya ardhi kwa sababu joto la juu halikaliki. Kuna barabara yao moja kusini, ukiingia kipande chake kilichonyooka unakwenda kilomita 146 bila kona hata moja. Baba Rehema aliirudia video hiyo mara tatu. Hakusema neno. Asubuhi nikamkuta uani na futi kamba, anapima kirikuu.

Kirikuu chetu mnakijua, kile cheupe kilichokuwa kinabeba maji na mifuko ya saruji. Bodi yake ina futi sita na kidogo. Mume wangu ana futi sita kamili, lakini mbele ya bodi ilibidi likae sanduku la vyombo, kwa hiyo hesabu ikakataa. Alipinda nondo nne kama matao, akafunga juu yake turubai la kijani tulilokuwa tunapigia ufuta, akaweka kitanda cha mbao na godoro la inchi nne. Chini ya kitanda madumu mawili ya lita 20, mtungi mdogo wa gesi, jembe, na mbuzi yangu ya kukunia nazi, ambayo niliipakia mwenyewe baada ya kuambiwa haina kazi. Shida ya miguu aliimaliza kwa kuacha mlango wa nyuma wa bodi umelala wazi na kuning'iniza neti mpaka chini. Siku kumi nimelala na mwanaume ambaye nyayo zake zinapigwa na umande. Na lile turubai, usiku ukipoa, linatoa harufu ya ufuta mpaka unaota unakula kashata.

Majirani walitoka kutuaga kwa mashaka. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama tumefukuzwa kwenye nyumba. Nikamkumbusha kwamba nyumba ni yetu. Akasema, "Ndiyo maana nashangaa."

Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Nanganga, hiyo ni lami na sina la kusimulia. Ruangwa tulinunua maandazi. Nachingwea ndipo nilipoanza kufungua macho.

Mitaa ya Nachingwea ni mipana kuliko mahitaji yake, na ukijua kwa nini unacheka na kusikitika hapo hapo. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta: Kongwa, Urambo na hapa. Kwa ajili ya karanga hizo wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja mpaka Nachingwea. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 wakatangaza wenyewe kwamba wameshindwa, na miaka ya mwanzo ya 60 reli ikang'olewa. Marehemu baba yangu, kijana wa Nyangao, alikuwa mpanga mataruma. Alikuwa akisema yeye alilipwa kuipanga na mwenzake akalipwa kuing'oa, na mwenzake ndiye aliyelipwa vizuri. Mashamba yenyewe yaliitwa kwa namba, na Farm 17 jina lake lilidumu kwa sababu FRELIMO waliweka hapo kambi yao ya mafunzo wakati wa kupigania uhuru wa Msumbiji. Haya yote nimeyafundisha darasani. Sikuwahi kusimama juu ya tuta la reli nikajiuliza baba aliinama wapi. Safari hii nilisimama, tena sana, mpaka Baba Rehema akapiga honi.

Usiku huo tuliegesha kwenye uwanja wa mama mmoja muuza chapati. Alitutazama tukichemsha chai, akauliza nani kafariki. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mkirudi mpitie hapa." Nikaitikia kama anavyoitikia mtu yeyote.

Nachingwea mpaka Liwale ni zaidi ya kilomita 100 za udongo. Kiangazi unapita, masika wenyeji wanasema unamwachia Mungu. Tulikuwa tumekaa masaa mawili bila kukutana na gari, tukiulizana kama Waaustralia nao huwa wanagombana kuhusu dirisha, ndipo tairi la nyuma kushoto likatoboka. Kisiki. Spea tulikuwa nayo, spana tulikuwa nayo, jeki tulikuwa nayo. Ila pale njia ni mchanga mtupu, na kila Baba Rehema akizungusha, badala ya gari kupanda, jeki ndiyo inazama. Akaweka jiwe, likazama. Akaweka sahani ya bati, ikapinda kama karatasi. Kisha nikamwona anainama kule nyuma, anavuta kitu chini ya kitanda, na nikajua ni nini kabla hakijatoka.

"Hapana," nikasema.

"Mama Rehema, ni ubao mpana, umekunjwa mara mbili."

"Ni mbuzi ya mama yangu."

"Nitailaza vizuri."

Akailaza vizuri. Kirikuu kikapanda, sentimita kwa sentimita, na mimi nimesimama kwa nyuma kama niko mazishini, maana sasa msiba tulikuwa nao kweli. Tairi likatoka, jingine likaingia. Alipokuwa anakaza nati ya mwisho nikasikia "ta!" Ufa, kutoka kwenye bawaba mpaka karibu na meno. Akapita kijana wa bodaboda, akasimama, akasaidia kukung'uta mchanga, akauliza tunakwenda msibani kwa nani. Baba Rehema akamwelekezea ile mbuzi kwa kidole.

Ameifunga kwa waya. Bado inakuna, ila ukikaa vibaya inakufinya. Sijalisahau hilo na sina mpango wa kulisahau.

Liwale yenyewe ni mji mtulivu, wenye kivuli, na watu wake hawana haraka ya kukuuzia kitu. Upande wa pili ni pori la Hifadhi ya Nyerere, kwa hiyo mazungumzo ya jioni ni tembo: shamba la nani limeingiliwa, nani alilala juu ya dungu akipiga debe. Hapa ndipo wapiganaji wa Maji Maji walipoliteka na kulichoma boma la Mjerumani mwaka 1905. Mume wangu ni Mmatumbi, na vita vile vilianzia kwao, Nandete, kwa kung'oa pamba. Mmatumbi ukimtajia 1905 anakusimulia kama alikuwepo. Alimsimulia muuza mafuta ya taa, fundi pancha, na askari wa mgambo. Fundi pancha, Mngindo, akamwambia, "Mzee, boma tulichoma sisi. Nyie mlituletea habari tu." Walibishana nusu saa, kiraka kikakauka mara mbili. Sijamwona mume wangu na furaha kiasi kile tangu Rehema aolewe.

Siku ya tatu tukageuza. Nachingwea nikapita kwa yule mama wa chapati kama nilivyoahidi bila kufikiri. Kumbe yeye alifikiri. Alikuwa ameshaweka tayari debe la njugu mawe lililoshonwa mdomo kwa uzi, na kuku tetea mwekundu kafungwa miguu kwa kitambaa cha kanga. Binti yake ameolewa Newala, ana mtoto wa wiki mbili. "Kwa kuwa hamna mnakokwenda," akasema, "si mpitie Newala."

Huyo kuku alitufundisha adabu. Alisafiri chini ya kitanda kati ya madumu, na kila shimo alilitolea maoni. Masasi, kwenye yale majabali makubwa yanayochomoza kama tembo waliolala, tulisimama nikamfungua anyooshe miguu, akakimbilia chini ya lori la mtu. Wanaume wanne na mimi, kanga kiunoni, dakika ishirini. Asubuhi yake, tumelala chini ya mlima kabla ya kuanza kupanda uwanda wa Makonde, Baba Rehema akachukua kofia yake akakuta yai.

"Nauli hiyo," akasema, tayari anatafuta kikaango.

Nikamwambia amana ni amana, kilichozaliwa na amana nacho ni amana. Akasema kofia ni yake. Nikasema kuku si wake. Tulikunywa chai kavu, na yai nikalifunga kwenye kitambaa na kulishika mkononi mlima wote, kona baada ya kona, injini ikilia gia ya kwanza. Wale Waaustralia na barabara yao isiyo na kona sijui kama wangenielewa.

Juu, Newala, kuna baridi ya kukufanya uvae sweta mwezi wa nane. Alfajiri mikorosho ilikuwa ndani ya wingu jeupe nikadhani ni ukungu, kumbe ni salfa, dawa ya mikorosho, vijana wana mashine mgongoni wanapuliza mapema umande ungali kwenye maua ili unga ushike. Unaipata harufu kooni. Kando ya njia watoto wanauza ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa. Tulikula na chumvi na pilipili tukiwa tumekaa ukingoni, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako mpaka Msumbiji. Kilichonishangaza zaidi ni madumu. Ule uwanda hauna maji ya juu, na mama mmoja mkubwa alituonyesha njia waliyokuwa wakishuka usiku wa manane kufuata maji bondeni, wakati yeye msichana, na kuipanda tena ndoo kichwani. Sasa kuna bomba. Siku likikauka, alisema, magoti yake yanaikumbuka njia.

Nyumba ya binti tuliipata kwa kuuliza mara sita. Alitoka na mtoto mgongoni, akamwona kuku, akakitambua kile kipande cha kanga kabla hatujasema tumetumwa na nani. Akapokea debe kwa mikono miwili. Nikamkabidhi na yai, nikamweleza lilikotagwa. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Akatutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunawa, kisha likaja, kama nilivyojua litakuja:

"Karibuni sana, wazee wangu. Na hapa Newala mmekuja kwa nani?"

Nikavuta pumzi ya kueleza. Baba Rehema akaniwahi.

"Tumeleta kuku," akasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika kabisa, akaingia ndani kukaanga yai.