Ninavyochora mvuvi na wimbi kwa rangi za mafuta, hapa Moshi

Kwenye picha ya mvuvi na dhoruba, mtazamaji inabidi ausikie uzito wa maji kabla hajaufikia uso wa mtu. Uzito huo unatokana zaidi na unene wa rangi.

Nawamba marekani kwenye fremu ya paina, napaka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji ili mafuta yasiozeshe nyuzi, kisha jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono mitatu. Rangi ya ukutani ya bei rahisi siishauri: inanyonya mafuta, na picha inabaki imepauka.

Mkono wa kwanza ni amba (kahawia ya udongo) na ultramarini (bluu nzito), vilivyolegezwa kwa tapentaini tupu. Hapo ndipo ugomvi unapopangwa. Wimbi likipanda kuelekea kulia, ngalawa nailaza kinyume chake. Vikienda sambamba, picha inakuwa ya matembezi. Upeo wa bahari nauweka juu, maji yachukue theluthi mbili. Mrengu mmoja, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, nauinua hewani, na yeyote aliyewahi kupanda ngalawa anajua kinachofuata.

Bonde la wimbi nalipaka jembamba na la giza. Kileleni maji ni membamba, mwanga unapenya, kwa hiyo pale naweka viridiani (kijani baridi) na manjano kidogo badala ya bluu. Povu huja mwisho, kwa kisu: nyeupe ya titani, nzito kama siagi, naibandika mara moja na kuiacha. Ukiirudia inavuta bluu ya chini na kuwa kijivu kilichokufa. Povu la kivulini nalitia ultramarini. Nyeupe halisi naiweka mahali pamoja tu, wimbi linapompiga mtu.

Mvuvi ndiye pekee mwenye rangi ya joto, siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu. Mgongo na mikono inayovuta kamba ya tanga naikata kwa kingo kali. Miguu naiacha ipotelee majini. Mdomo sifungui. Mwili uliokazana upande wa joshini, upepo unakotoka, unatosha, kelele usoni hugeuza picha kuwa maigizo.

Giza nalichanganya mwenyewe kwa ultramarini na amba. Mchoraji Mfaransa Géricault alitumia lami kwenye The Raft of the Medusa, picha yake ya manusura wa meli juu ya chelezo, mwaka 1819, nayo lami haikauki vizuri. Sehemu kubwa ya picha imegeuka nyeusi na kupasuka. Vilevile, kila tabaka la juu liwe na mafuta ya kitani mengi kuliko la chini, la sivyo la juu linakauka kwanza na kuchanika. Baridi ya Juni na Julai huku huchelewesha povu nene kwa wiki kadhaa, na vanishi nasubiri miezi 6 au zaidi.