Mpeni siku kumi

Wiki hii sisi tunaotetea na kuchanja mbwa tumegombana tena na watu wa serikali wanaokamata mbwa, na safari hii hawakufuata mbwa koko wa sokoni. Walimfuata mbwa mwenye kwao, wa parsele (kiwanja chenye nyumba) ya jirani hapa Katuba, Lubumbashi, aliyemng'ata mtoto mguuni. Naandika usiku huu kwa sababu nikilala na jambo hili kifuani halitatoka.

Yule mbwa jike alikuwa amezaa. Watoto wake walikuwa bado hawajafumbua macho, wamelala kwenye gunia nyuma ya jiko, na mtoto wa jirani akaingia kuokota mpira. Alama za meno zilikuwa mbili, chini ya goti, na damu kidogo. Mama yake alikuwa tayari anatafuta majani ya kusaga ayapake. Tulimzuia kwa upole, tukaleta bidoni ya maji na kipande cha sabuni ya kufulia, tukaosha kile kidonda dakika 15 nzima huku maji yakimwagika juu yake. Mtoto akalia, mama akalalamika kwamba tunamtesa, nasi hatukuacha. Virusi vya kichaa cha mbwa havistahimili sabuni, na hakuna dawa ya kwanza iliyo rahisi kuliko hiyo. Kisha wakaenda kituo cha afya kuanza sindano za chanjo.

Wakamataji wawili wakafika kabla mama hajarudi. Kuna mtu alikuwa ameshapeleka mashtaka. Mmoja alishika mti wenye kitanzi cha waya, mwingine gunia. Tukawaomba jambo moja tu: mbwa afungwe mnyororo pale pale, ndani ya ua, siku 10, alishwe na kutazamwa. Hatukulitunga sisi ombi hilo. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliyong'ata, ndani ya siku 10 ataonyesha dalili au atakufa. Akizimaliza akiwa mzima, anakula, anawatambua watu wake, basi hakumwambukiza mtoto siku ile, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki.

Yule mwenye kitanzi akaniuliza, “Mamu, mutoto akikufa, ni weye utajibu?”

Swali hilo sikulidharau. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa. Karibu wote hao huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo anayekuja na kitanzi anakuja na hofu ya kweli, na mimi ninayo hiyo hiyo. Niliona pia kwamba hakuwa na glavu. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amechanjwa, maana anashika mbwa kila siku. Hakunijibu. Mwenzake ndiye aliyetikisa kichwa: hapana. Waliowatuma hawakuwalinda hata wao, na jambo hilo limeniuma karibu sawa na mbwa.

Walimchukua. Waya ulimkaza shingoni akiwa bado na maziwa, wakamburuta hadi barabarani, na huko akapigwa mpaka akafa. Mwili wakautupa. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Kama ilikuwa lazima auawe, basi kichwa kingepelekwa maabara ubongo ukapimwe, tukajua. Sasa hakuna atakayejua. Mama wa mtoto atanunua sindano zote hadi ya mwisho, na ni mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa rundo dogo dogo mbele ya mlango wake. Walisema wanamlinda mtoto, lakini waliteketeza habari pekee ambayo ingemsaidia mtoto na kumpunguzia mama yake mzigo.

Na hata wale mbwa koko wanaokusanywa kwa nyama yenye sumu: tumeshazoea kuamka na kuwakuta wamekauka mtaroni, baadhi yao wakiwa na utepe shingoni tuliowafunga siku ya chanjo. Mtu anafikiri mtaa umekuwa salama. Lakini chakula kimebaki jalalani, kwa hiyo mbwa wengine wanaingia kutoka mitaa ya pili, wanazaana haraka, na hao wapya hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Mbwa aliyechanjwa ni boma. Ukimuua umebomoa boma na kumwachia adui mlango. Kisiwani Bali, kule Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 2008 waliua mbwa wengi sana, na ugonjwa ukaendelea kusambaa hadi walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima. N'Djamena, huko Chad, walichanja mbwa wa jiji zima mwaka 2012 na tena 2013, wakavuka asilimia 70, na maambukizi yakakatika kwa muda. N'Djamena si Ulaya. Ni jiji la Afrika lenye vumbi, soko na mbwa wasiofungwa, kama letu.

Sitaficha kwamba hata upande wetu kuna mambo. Wapo wanaookoa mbwa usiku, wanamficha kwenye parsele iliyojaa watu, bila chanjo, kisha wanasema ni huruma. Mbwa aliyemng'ata mtu akifichwa, anayefichwa ni hatari yenyewe, na mtu wa serikali ana haki ya kumtafuta. Nimewaambia wenzangu hivyo, na wawili wamekasirika. Wacha wakasirike.

Nafikiria pia sokwe. Hapa hapa Lubumbashi, tangu 2006, kipo kituo cha J.A.C.K. kinacholea sokwe wadogo walionyang'anywa wafanyabiashara. Serikali ndiyo inayonyang'anya, kituo ndicho kinacholea, na kila mmoja anajua kazi yake inaishia wapi. Septemba 2022 wezi walipoiba sokwe wachanga watatu na kudai fidia, dunia nzima ilisikia. Sisemi mbwa wa Katuba asikike duniani. Nasema tu kwamba mtu binafsi na serikali wanaweza kugawana kazi katika mji huu, maana wameshafanya hivyo kwa mnyama mwingine.

Tumeandika barua kwa komini, yaani ofisi ya serikali ya hapa Katuba. Tunaomba mbwa anayeng'ata afungwe siku 10 kwake, au kwetu kama mwenyewe hana mnyororo. Mbwa mwenye utepe wa chanjo asilishwe sumu. Wakamataji wachanjwe wao kwanza, na siku ya kukamata itangazwe ili watu wafunge mbwa wao. Sahihi ya kwanza ni ya mama wa mtoto. Aliisoma polepole, akauliza kama kuweka jina lake kutamletea shida, tukamweleza kwamba inawezekana, akachukua kalamu. Mtoto anaendelea na sindano, mguu umeanza kupona. Watoto wa mbwa wako kwangu, wanakunywa maziwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, na wakifika miezi mitatu watachanjwa wote. Kesho asubuhi, kabla ofisi haijajaa watu, tunaipeleka.